Magari meupe hayakutosha Butembo

Septemba 2018 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika miji ya Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, wakiuliza maswali ambayo kwa kawaida hayaulizwi katikati ya janga. Ebola ilikuwa imetangazwa huko tangu Agosti mosi. Watafiti hawa hawakuuliza nani ana homa. Waliuliza nani anaaminiwa. Walihoji watu wazima 961. Mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo kabisa. Theluthi moja hivi waliona ni jambo lililotungwa ili watu fulani wapate fedha, na zaidi kidogo ya theluthi waliamini shabaha yake ni kuvuruga eneo lao. Waliosema viongozi wa mahali pao wangefanya uamuzi kwa faida ya wananchi hawakufika hata theluthi.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Ingefaa mtu yeyote anayeongoza wenzake, awe mkurugenzi wa kampuni, mwenyekiti wa saccos au mwalimu mkuu, ayasome kabla ya kushika kitabu kingine chochote cha uongozi. Maana kikosi kilichokwenda kupambana na Ebola huko hakikuwa na uhaba wa vitu. Kilikuwa na chanjo, ambayo wenzao wa Afrika Magharibi waliipata mwishoni kabisa mwa janga lao. Kilikuwa na dawa nne za kufanyiwa majaribio, wataalamu kutoka kila bara, maabara za kuhamishika na misururu ya Land Cruiser nyeupe. Pamoja na hayo yote, ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili kuzimwa, na kati ya watu 3,470 waliohesabiwa kuugua, 2,287 walifariki.

Jiweke katika nafasi ya mkazi wa Beni. Tangu 2014 waasi wa ADF wanaingia vijijini na mapanga. Jeshi lipo, walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapo, na mauaji yanaendelea. Surua inaua watoto; kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo kwa kipindi cha mwaka mmoja hivi, na dunia haikushtuka. Malaria ndiyo haina hata habari. Kisha unatangazwa ugonjwa ambao hujawahi kuuona kwenu, na mara barabara imejaa magari, kodi za nyumba zinapanda, vijana wanapata ajira kwa kujuana, na wageni wanaozungumza Kifaransa na Kilingala wanakuja kukukataza kumwosha baba yako aliyefariki. Ungefikiri nini? Wakazi walifikiri hicho hicho, na jambo lenyewe wakaliita biashara ya Ebola.

Hata lugha ilikuwa kikwazo. Matangazo ya mwanzo yaliandikwa Kifaransa au Kiswahili sanifu, kile cha vitabuni, wakati wenyeji wanasema Kinande na Kiswahili cha Kongo chenye njia zake. Shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka lilipokwenda kupima uelewa wa watu katika eneo hilo, likakuta wengi hawayapati sawasawa maneno waliyoandikiwa. Sisi tunaopenda kujisifu kwamba Kiswahili ni kimoja toka Lamu mpaka Kisangani, tungekuwapo tungejifunza unyenyekevu.

Halafu likatokea lile ninaloliona kuwa kosa kubwa kuliko yote, na halikufanywa na daktari. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Kura yao ilisogezwa hadi Machi, wakati ambapo rais mpya angekuwa ameshaapishwa. Watu walikuwa wakienda sokoni na kanisani kila siku, wanasongamana kwenye daladala zao, na hakuna aliyewazuia. Kumbe hatari ipo kwenye sanduku la kura tu. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha kuchunguza wagonjwa wa Ebola mjini Beni, na wagonjwa wakakimbia. Siku ya uchaguzi wenyewe, wakazi wa Beni walijiandalia kura yao ya mfano: wakapanga foleni, wakanawa mikono mmoja mmoja kwa maji ya dawa, wakapiga kura ambazo walijua hakuna atakayezihesabu.

Foleni ile ilisema kila kitu. Watu hawakuwa wajinga wala wakaidi wa usafi. Walijua kunawa mikono. Walichokataa ni kuona ugonjwa unatumika kuwanyima haki halafu waambiwe wawaamini walioshika sindano. Tangu siku hiyo daktari alianza kulipa deni la mwanasiasa.

Likalipwa kwa damu. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa moto, na siku tatu baadaye cha Butembo kikashambuliwa. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakiviendesha, wakasimamisha kazi hapo. Aprili 19, Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroon aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa kikaoni katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Wakubwa walifanya ambacho wengi wetu tungefanya: wakaongeza askari. Timu za chanjo na za mazishi zikaanza kutembea na walinzi wenye bunduki. Hapakuwa na uamuzi usio na madhara hapo. Bila ulinzi wafanyakazi wako wanauawa. Ukiwa na ulinzi, unawathibitishia wananchi kila walichokishuku. Lakini mapema Machi, Dk. Joanne Liu, rais wa Madaktari Wasio na Mipaka wakati huo, alikuwa ameshasimama mbele ya waandishi mjini Geneva na kusema waziwazi kwamba mapambano yanashindwa, kwamba mgonjwa anatendewa kama tishio la usalama badala ya kutendewa kama mgonjwa. Ushahidi wake ulikuwa wa kutosha: zaidi ya asilimia 40 ya waliokuwa wakifa walifia majumbani, hawakukanyaga kituoni. Ilikuwa miezi saba tangu kuanza, na vituo vyenye vitanda na dawa vilikuwa vinakimbiwa.

Ni nadra sana mkubwa wa shirika kusema mbele ya kamera kwamba kazi yake haifanikiwi, tena kabla hajatafuta wa kumbebesha lawama. Wengine waliudhika. Mimi naona kauli ile ilikuwa ya lazima.

Tazama mazishi. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola umejaa virusi, na kumwosha marehemu, kumbusu au kumshika mkono ni njia rahisi mno ya kumfuata kaburini. Kwa hiyo timu za mazishi zilifika zikiwa zimeshavaa mavazi meupe ya plastiki toka unyayoni hadi utosini, miwani mikubwa usoni. Zikapuliza klorini, zikamtia marehemu kwenye mfuko, zikavuta zipu, zikafunga jeneza. Ndugu waliona jeneza tu. Penye pengo la habari, uvumi haukawii: mle ndani wametia mawe, viungo vimeshakatwa, vimeuzwa. Wenyewe tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Vijana wa maziko walipigwa mawe, magari yao yakavunjwa vioo, na majeneza mengine yakafunguliwa kwa nguvu na ndugu waliotaka kuhakikisha.

Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wengi wao vijana wa mitaa ile ile, wakapewa kazi moja ya ziada. Kila waliloambiwa mlangoni waliandike: swali, lawama, uvumi, hata tusi. Hayakuandikwa yakawekwa kabatini. Yaliingizwa kwenye kompyuta, yakapangwa kwa aina, yakahesabiwa wiki kwa wiki, yakapelekwa mezani kwa waamuzi yakiwa na takwimu: mtaa huu wiki hii wanauliza zaidi kuhusu majeneza, mtaa ule wanauliza kwa nini wengine wanachanjwa na wengine hawachanjwi. Maoni hayo yalikuwa maelfu kwa maelfu.

Mabadiliko yaliyotokana nayo yalikuwa madogo, na kwa bei ni kama bure. Mifuko ya maiti ikawa ya plastiki inayoonesha ndani, ndugu wauone uso wa mtu wao kabla hajafunikwa. Timu zikaacha kushuka garini zikiwa zimeshavaa. Zikashuka kwa nguo za kawaida, zikasalimia, zikatoa pole, kisha zikavaa mavazi yale mbele ya wafiwa, kipande kwa kipande, ili ionekane kwamba ndani ya plastiki kuna kijana wa kwa fulani. Ndugu mmoja aliweza kuvalishwa naye akasaidia kubeba. Katika jamii za huku kwetu, kuzuia mtu asimzike mzazi wake ni kumvunjia utu. Kumpa mpini mmoja wa jeneza kunabadilisha habari nzima.

Vituoni nako kulibadilika. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki ang'avu vya kuwekea mgonjwa mmoja mmoja. Muuguzi hana haja ya kuingia kila mara: anapenyeza mikono kwenye glavu ndefu zilizoshonwa ukutani, anamtundikia mgonjwa dripu akiwa nje. La muhimu zaidi ni kwamba mama anaweza kuketi upande wa pili wa plastiki akamwona mwanawe, akazungumza naye, akaona anakunywa uji. Bila vyumba hivyo, mgonjwa alimezwa na uzio na maturubai, na habari iliyofuata ikawa ya kifo.

Na waliopona wakapewa kazi. Mtu aliyeugua Ebola akapona hubaki na kinga, kwa hiyo anaweza kumkaribia mgonjwa bila hofu waliyo nayo wengine. Wanawake na wanaume waliotoka kwenye vitanda vile walirudi kuwalisha walio ndani. Beni na Butembo kulikuwa na vituo vya kulelea watoto vilivyosaidiwa na UNICEF, ambako waliopona waliwapakata watoto wachanga wa akina mama waliokuwa wanatibiwa, wakiwanyonyesha chupa na kuwabembeleza usiku kucha. Tangazo la redio la dakika tano kwamba Ebola inapona halimfikii kwa nguvu yule mama wa jirani aliyeugua, akatoka, na sasa ameajiriwa.

Ukiangalia mambo hayo yote, hakuna hata moja lililohitaji kikao cha Kinshasa wala cha Geneva kulibuni. Mengi yalitoka mlangoni kwa wafiwa. Kazi ya kiongozi ilikuwa kuyaruhusu, na hilo si dogo kama linavyosikika. Mkubwa anayeletewa karatasi imeandikwa kwamba yeye na watu wake ni wezi wa viungo, silika yake ya kwanza ni kuona wananchi wanahitaji elimu zaidi. Ataagiza vipeperushi. Inahitaji roho ya aina yake kusoma tusi hilo ukaona ndani yake ombi: tunataka kumwona marehemu wetu.

Katikati ya mwaka 2019 uongozi wenyewe ulibadilika. Julai 14 mgonjwa aliyetoka Butembo alithibitika Goma, mji mkubwa wa mpakani na Rwanda; siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Julai 20 Rais Félix Tshisekedi aliyahamishia mapambano chini ya ofisi yake na kumkabidhi Profesa Jean-Jacques Muyembe. Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alijiuzulu siku mbili baadaye. Miongoni mwa malalamiko yake ni shinikizo la kuingiza chanjo ya pili, ambayo aliona itawachanganya watu. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, ingawa chanjo hiyo hatimaye ililetwa Novemba.

Muyembe alikuwa na miaka 77. Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa wanasayansi wa kwanza kufika Yambuku, kijiji chenye hospitali ya misheni ambako watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usio na jina. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, akanawa kwa maji na sabuni, akapona kwa rehema tu. Alimshawishi mtawa aliyekuwa mgonjwa asafiri naye hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ndiyo iliyopelekwa Antwerp, Ubelgiji, ikachangia kugunduliwa kwa kirusi kipya. Mwaka 1995, Ebola ilipoibuka Kikwit, yeye na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliopona. Saba walinusurika. Wanasayansi wa nje walitikisa vichwa: jaribio halikuwa na kundi la kulinganisha, huenda wangepona hata hivyo.

Hakubishana nao kwa miaka. Alishirikiana na watafiti wa Marekani, na kutoka damu ya mtu aliyenusurika Kikwit ikapatikana kingamwili iliyokuja kuwa dawa ya mAb114. Hiyo ilikuwa moja ya zile dawa nne zilizoingizwa kwenye majaribio Novemba 2018. Jina la majaribio hayo ni la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo penye kiini cha uongozi wa wakati wa giza. Jaribio la namna ile linaendeshwa kwa bahati nasibu. Mgonjwa anafika kituoni, anaambiwa: tunazo dawa nne, hatujui ipi ni bora, utapata moja wapo kwa kura. Maneno hayo yanatamkwa mahali ambapo robo ya watu wanasema ugonjwa haupo na wengine wanasema umeletwa kwa makusudi. Mshauri yeyote wa mahusiano ya umma angemkataza daktari asiyaseme. Angemwambia aoneshe kujiamini, aseme hii ndiyo dawa, amalize. Lakini wagonjwa 681 waliingia kwenye majaribio hayo, vituo vikichomwa na kujengwa upya katikati ya kazi. Waliambiwa ukweli wote wa kutojua, na pamoja na ukweli huo wakapewa kitanda, maji, dripu, chakula na mtu wa kuwaangalia usiku na mchana. Nadhani hiyo ya pili ndiyo iliyoibeba ya kwanza. Kusema hujui na kuondoka ni kumtelekeza mtu. Kusema hujui huku umekaa naye ni jambo jingine kabisa.

Agosti 2019 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu iliona tofauti iko wazi mno kiasi kwamba kuendelea kusubiri ni kuua watu. Waliopewa ZMapp, dawa iliyotazamiwa zaidi mwanzoni na kuwekwa kama kipimo cha nyingine, na waliopewa remdesivir, walikuwa wakifa karibu nusu au zaidi kidogo. Waliopewa mAb114 na ile nyingine ya REGN-EB3 walikufa theluthi hivi. Na kwa waliowahi kufika virusi vikiwa bado vichache, alikufa mmoja tu hivi kati ya kumi. Agosti 12 ilitangazwa kwamba dawa mbili zinaachwa na wagonjwa wote wataendelea na mbili zilizoshinda. Muyembe akasema haitawezekana tena kuuita Ebola ugonjwa usiotibika. Siku iliyofuata mama kijana na mwanawe mdogo, waliompoteza baba wa nyumba kwa ugonjwa ule ule, walitoka kituoni Goma wakiwa wazima, mbele ya kamera.

Linganisha na ofisi zetu. Ni miradi mingapi inayoendelea kulishwa bajeti kwa sababu tu bosi ndiye aliyeizindua? Mnajua kwamba haifanyi kazi, mhasibu anajua, dereva anajua. Hakuna aliyewekewa tarehe ya kuikagua na mamlaka ya kuisimamisha. Wale wa Kongo walijifunga mikono mapema: walimpa mtu asiye na maslahi uwezo wa kusema imetosha, na aliposema, dawa iliyokuwa ikitarajiwa iliwekwa kando bila kuchelewa.

Kila mwaka hoteli za Arusha, Mombasa na Dar es Salaam zinajaa semina za kuongoza nyakati za mabadiliko. Kuna chai ya saa nne, kuna projekta, kuna mwezeshaji anayewagawa watu kwenye makundi wajadili maono. Sizibezi, nimekula sambusa zake nyingi. Lakini sijawahi kuona semina ambayo mada yake ni nani kazini anaaminiwa, na je, ndiye tuliyempa kipaza sauti. Kampuni ikianza kuyumba, taarifa hutolewa na meneja rasilimali watu kwa barua yenye nembo, lugha ya sheria na tarehe ya nyuma. Wafanyakazi hawaisomi. Wanamfuata yule mama wa masjala aliyekaa miaka ishirini, wanamuuliza, mama, eti ni kweli tunapunguzwa? Akisema hajaambiwa kitu, basi kwao tayari ni kweli. Kundi la WhatsApp linamalizia. Kiongozi mwenye busara angemwita yule mama kwanza, tena si kumtuma: kumsikiliza anaulizwa nini.

Kuna mifano miwili ya karibu zaidi. Septemba 27, 2024, Rwanda ilitangaza kuwa ina Marburg, ndugu wa Ebola, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Waziri wa Afya, Sabin Nsanzimana, alikuwa akikutana na waandishi kila wiki kwa namba: wangapi wapya, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, na lipi bado linachunguzwa. Siku kumi hivi baada ya tangazo, chanjo ya majaribio ilikuwa inachomwa kwa wahudumu. Chanzo kilifuatwa hadi kwenye pango la machimbo lenye popo. Kati ya watu 66 walioambukizwa, 15 walikufa, kiwango cha chini sana kwa Marburg. Rwanda haina waasi wenye mapanga vijijini, hospitali zake ziko karibu na watu, na hilo lisisahaulike tunapoisifu.

Mfano wa pili ni wetu. Machi 16, 2023, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu saba wameugua ugonjwa ambao bado haujajulikana na watano wamefariki. Haujajulikana: wizara ilisema hivyo hivyo. Siku tano baadaye, Machi 21, ukatajwa kuwa ni Marburg. Ulimalizika rasmi Juni 2 ukiwa umewapata watu tisa na kuua sita. Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo, na mwendo ukawa tofauti: Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushuku, serikali ikasema sampuli zilizopimwa hazina ugonjwa huo, na Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma na mkuu wa shirika hilo akathibitisha kwamba ugonjwa upo. Siku zile chache za katikati kila mwenye simu alikuwa na habari yake. Wote kumi waliohesabiwa safari hiyo walifariki. Siwezi kuhusisha vifo hivyo na kuchelewa kwa kauli. Wengi walishakufa kabla. Ila ukimuuliza mkazi wa Kagera tangazo lipi alilipokea kwa utulivu, la 2023 au la 2025, nadhani hatachukua muda kujibu, na lile la kwanza ndilo lililokuwa na majibu machache zaidi.

Mlipuko wa Kivu Kaskazini ulitangazwa kuwa umekwisha Juni 25, 2020. Zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Februari 7, 2021, Ebola ikatangazwa tena, na tena Butembo. Safari hii waliokuwa mstari wa mbele ni watu wa pale pale, wale wale waliojifunza mlangoni kwa wafiwa, wakisaidiwa na wageni wachache. Waliougua walikuwa 12, waliokufa sita. Mei 3 ikawa imekwisha.

Ningependa kuishia hapo, ila hesabu haijakamilika. Septemba 2020 vyombo vya The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation vilichapisha habari za wanawake 51 wa Beni waliosema walidaiwa ngono na wanaume waliojitambulisha kuwa wa kikosi cha Ebola, wengi kwa ahadi ya kupewa kazi au kubakishwa kazini. Mwaka mmoja baadaye, tume huru iliyoundwa kuchunguza suala hilo ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani, na ikaeleza udhaifu mkubwa katika mfumo mzima wa kushughulikia malalamiko. Wakati huo wote zile karatasi za maoni zilikuwa zinaandikwa kila siku. Maswali ya majeneza yalipita humo yakafika mezani. Wanawake hawa walitakiwa wapeleke lao kwa watu wale wale waliokuwa wakigawa kazi za kupika, kufua na kufagia vituoni.